Waliobisha Hodi kwenye Matangazo

Mjini Mbinga mtu hapiti mbele ya duka la mwenzake akanyamaza. Hata kama mfukoni hana kitu na wala hakusudii kununua, atasimama mlangoni, atapiga hodi, ataulizia habari za kuamka, habari za watoto na habari za mvua, ndipo ashike njia yake. Anayepita kimya huulizwa kesho yake kama kuna jambo lililomkera. Hasna binti Abdulmajid alizaliwa ndani ya tabia hiyo. Babu yake alipanda kutoka Kilwa na mzigo wa kanga na chumvi, akafungua duka, akazikwa papo hapo Mbinga, na wajukuu wake wakakijua Kimatengo cha sokoni sawasawa na sura walizosomeshwa chuoni. Kwa hiyo jambo lililompata na tovuti yake angepaswa kuliona linakuja. Hakuliona.

Mumewe, Abdulhamid, aliuza saruji na mabati mtaa wa nyuma ya soko. Serikali ilikuwa imeshawaachia watu biashara, wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanapanda kila msimu na malori yao, na minara ya simu ilikuwa inaota vilimani kama migomba. Hasna akamwomba mumewe chumba cha mbele cha duka. Wakati huo kila mtu alikuwa akimwita Hasna Mama Safina, kwa jina la binti yake wa kwanza. Akaweka humo kompyuta mbili, mashine ya kutoa nakala, benchi la wateja, na feni ambayo kwa baridi ya Mbinga hakuna aliyewahi kuiwasha.

Halafu akaanzisha tovuti, akaiita Habari za Kwetu. Aliyemtengenezea ni Ida, binti wa Kingerikiti aliyesomea kompyuta Songea, msichana mwembamba ambaye huanza kucheka kabla hajamaliza kusema. Nia ya tovuti ilikuwa moja tu. Watu wa milima ile na wa pwani ya ziwa wametawanyika nchi nzima. Mtu anafariki Matiri, mwanawe yuko Mtwara, na anapopata habari mama ameshazikwa na matanga yameshaondolewa. Hasna alikuwa ameona watu wazima wakilia stendi kwa kuchelewa hivyo. Basi akawa anaweka misiba kwenye tovuti siku ile ile: jina, ukoo, kijiji, saa ya maziko. Pembeni yake aliweka bei ya kahawa ya kila mnunuzi, siku ya meli kutia nanga Mbamba Bay, na mahali barabara ilipokatika. Tangazo la msiba hakulitoza hata kidogo. Alisema aliyefiwa ameshatozwa.

Tatizo ni kwamba kuiweka tovuti hewani ni gharama, na gharama hiyo ilitoka kwenye saruji.

"Sikugombezi, Mama Safina," Abdulhamid alimwambia siku moja wakati wa kufunga duka. "Kazi yako naiona, na watu wanaisifu mpaka msikitini. Lakini mifuko inalowa nje, na hiyo tovuti yako haijajifunza kula kwa mkono wake. Msimu wa kahawa ukiisha ikiwa bado inalishwa, chumba nakitia saruji."

"Na misiba je, Baba Safina?"

"Misiba itatangazwa redioni kama zamani."

Hasna akazima kompyuta. Alijua mumewe si mtu wa maneno ya bure. Akisema saruji itaingia, itaingia.

Ida ndiye aliyeleta habari ya kampuni moja ya mbali, huko ng'ambo, inayogawa matangazo kwa wenye tovuti. Unaiachia nafasi kwenye ukurasa wako, yenyewe inajaza matangazo inayoyataka, na kila msomaji akibonyeza tangazo, wewe unapata chochote. Hasna akakubali. Matangazo yakaanza kuja, na yalikuwa vituko. Nyumba za kupanga kwenye miji ambayo hakuna mtu wa Mbinga aliyepata kuisikia. Dawa ya kupunguza unene, wakati Mbinga anayenenepa ndiye anayepongezwa. Makoti ya manyoya ya kuvaa kwenye theluji. Siku moja likatokea tangazo la wasichana wakicheza na chupa za pombe mikononi, likakaa juu kabisa ya habari ya msiba wa mama mmoja wa Litembo. Hasna alifunika kioo cha kompyuta kwa kanga yake mpaka likabadilika. Akamwuliza Ida kama linaweza kuzuiwa, Ida akasema wao si wenye kuchagua.

Lakini chochote kilikuwa kinaingia, tena kiliingia vizuri, vizuri kuliko Ida alivyotarajia. Abdulhamid akaacha kuitazama mifuko yake kwa masikitiko. Ndipo asubuhi moja ya baridi, ukungu umekaa mpaka kwenye vizingiti, Hasna akafungua kompyuta akakuta nafasi za matangazo ziko nyeupe tupu. Ida akasoma ujumbe wa kampuni kimya kimya, kisha akausoma kwa Kiswahili, na safari hii hakucheka. Kampuni imewafungia. Imegundua kwamba kuna watu wanabonyeza matangazo kwa hila, siku zote, watu wale wale. Walichokuwa wamekusanya hakitalipwa, na kurudi hakuna.

"Kwa hila maana yake nini?" Hasna akauliza.

"Wanasema ni wizi, mama."

Hasna alikaa kwenye benchi la wateja. Katika ukoo wao walikuwa wamewahi kuitwa wabahili, hata wabishi. Wezi, hapana. "Ida, mimi nimebonyeza?"

"Hapana, mama. Nilikukataza, nawe hukubonyeza."

"Basi kuna mtu ananichukia," alisema Hasna.

Siku mbili tatu akawa anamtazama kila anayeingia kama ndiye. Akamshuku mwenye duka la picha mtaa wa pili. Akamshuku hata shemeji yake. Jibu lilikuja lenyewe siku ya soko, limevaa koti kuukuu na kofia ya sufu. Alikuwa Mzee Mansuetus wa Matiri, mkulima wa kahawa, mtu wa kanisani, mwenye sauti inayosikika bonde la pili.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu! Habari za hapa? Watoto? Mzee wa saruji? Haya, mimi nimekuja na malalamiko."

"Malalamiko gani tena, baba?"

"Mbona matangazo umeyaondoa? Nimefika pale kwa yule kijana mwenye kompyuta, tumefungua, nimekosa pa kupiga hodi!"

Hasna akaweka chini karatasi alizoshika. "Pa kupiga hodi?"

"Ee. Si kila nikishuka mjini nakusalimia humo? Nabonyeza la kwanza, la pili, la tatu, mpaka yaishe. Hasa lile la makoti. Lile nalipenda. Umeshapata kulala Matiri mwezi wa saba, wewe?" Akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa, kama mtu wa nyumbani. "Na si mimi peke yangu. Katekista alilisema baada ya misa. Alisema, yule mama wa Kiislamu pale mjini anatutangazia misiba bure, naye anakula kwa watu kubonyeza yale matangazo. Mwenye kompyuta, au mwenye mtoto mwenye kompyuta, apite amsalimie. Wanangu kule Mtwara wanabonyeza kila wakiamka. Wa Mbeya pia. Binti yangu mtawa yuko Roma, naye nimemwambia."

Ida, aliyekuwa amejikunja nyuma ya mashine ya nakala, alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akapiga kwikwi.

"Huyu anachekea nini?" akauliza Mzee Mansuetus.

"Usimjali, baba." Hasna alitaka kukasirika, akaitafuta hasira asiione. Alikumbuka msiba wa mke wa mzee huyu, Mama Albina, mwanzoni mwa mwaka. Aliuandika yeye mwenyewe kwa kidole kimoja kimoja, na wanawe wale wa Mtwara wakaliwahi jeneza kabla halijafunikwa. Basi watu wale walikuwa wanalipa. Walikuwa wanalipa kwa kitu walichonacho, asubuhi hadi asubuhi, na kule ng'ambo mashine ikawa inaandika wizi, wizi, wizi.

Akamweleza yote, polepole, bila kumtupia lawama. Mzee akavua kofia.

"Kwa hiyo tumekuua kwa salamu."

"Hamkuniua, baba. Mmenisalimia. Asanteni sana, na umwambie katekista asante."

"Lakini chumba kitatiwa saruji."

"Nani kakwambia?"

"Mji mzima unajua."

Mzee alipoondoka, Ida alivuta kiti akaja karibu. Alisema kosa lilikuwa la kwake, kwa kumpeleka kwa watu wasiojua salamu. Kisha akasema kuna njia nyingine aliyokuwa anaifikiria. Iko programu huria ya kupanga matangazo. Mtu anaichukua, anaiweka kwenye tovuti yake mwenyewe, na yeye mwenyewe ndiye anakuwa kampuni. Anatafuta wenye biashara wa hapa hapa, anawapangia zamu: tangazo lipi litoke, siku gani, ukurasa gani, na lisionekane mahali gani.

"Naweza kuliambia lisikanyage kwenye misiba?"

"Ndiyo, mama. Ukiliambia halikanyagi."

"Na watu wakisalimia?"

"Wasalimie wachoke. Mwenye tangazo atakupa cha wiki nzima, si cha kila mbonyezo. Hakuna atakayemwita mtu mwizi."

Hasna akapenda, lakini aliuliza kama mfanyabiashara yeyote angeuliza. "Inauzwaje hiyo programu?"

"Haiuzwi."

"Mwenyewe ni nani?"

"Hana mmoja. Ni watu wengi, kila mmoja nchi yake. Huyu anatengeneza hiki, yule anarekebisha kile, wanaiacha wazi, mwenye shida anachukua."

"Na wao wanapata nini?"

Ida akafikiri. "Mama, umeona kwetu watu wakialikana kulima ngolo?" Hasna alikuwa ameona: vile vishimo vya mraba vinavyofunika mteremko mzima kama sega la nyuki, maji ya mvua yakatuama humo badala ya kuondoka na udongo. Mtu mmoja hawezi mteremko. Wanakuja wengi, wanamaliza shamba la huyu, kesho wako kwa mwingine. "Basi ni hivyo," Ida akasema. "Ila hawa hawajuani sura."

"Hata wanaoalikana kulima hupikiwa," Hasna akasema. Neno hilo lilimkaa moyoni.

Kuipakua haikuwa kazi ndogo. Umeme ulikuwa wa mgao, na mara mbili ulikatika kazi ikiwa inakaribia mwisho, ikabidi waanze upya. Mara ya tatu Abdulhamid alileta jenereta dogo la dukani, akalitia mafuta, akaliwasha, akarudi kwenye mabati yake. Kuweka vyote mahali pake kulichukua siku kadhaa, Ida akisoma maelezo, Hasna akimletea chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha na kumwuliza kila kitufe kina kazi gani. Hakutaka kitufe hata kimoja asichokijua.

Wa kwanza kuweka tangazo alikuwa Raimundi, mwenye mashine za kumenyea kahawa, mtu mfupi mwenye haraka, aliyezungumza kama aliyeacha injini inanguruma nje. Wa pili Subira wa Mbamba Bay, mwenye nyumba ya wageni karibu na ufukwe. Wengine wakasema watatazama kwanza Raimundi anavyofanikiwa. Na msimu wa kahawa ulikuwa unakaribia kwisha.

Haikuchukua wiki, Raimundi akaingia dukani bila hodi. Hapo hapo Hasna akajua mambo si mazuri.

"Mama Safina, umeniuza!"

"Karibu kiti, Raimundi."

"Sikai. Nimefungua tovuti asubuhi, nimeona mashine yangu, safi. Nikafungua tena, naiona. Nikafungua tena nimwonyeshe mke wangu, nimwonyeshe shemeji, nimwonyeshe fundi. Halafu ikatoweka! Sasa kila nikifungua ni Subira, Subira, Subira. Chumba chenye chandarua, samaki mbasa wa kuchoma, mandhari ya ziwa. Nimepiga hodi kwangu nafunguliwa na mwanamke wa Mbamba Bay! Nikitoka hapa naenda kuwaambia wenzangu pale mizani ya kahawa kwamba hiki kitu ni utapeli."

Mlango wa katikati ulikuwa wazi, na upande wa pili Abdulhamid aliacha kupima bati. Hasna akamwona anavyosikiliza. Akamtazama Ida. Ida alishabonyeza mahali, akajipiga kipaji cha uso.

"Mama, ni mimi. Nimeipangia isimchoshe mtu mmoja. Ikishamwonyesha tangazo mara kadhaa kwa siku, inamwonyesha jingine. Mzee Raimundi amejitazama mpaka programu imemwambia yatosha."

"Nani wa kuniambia yatosha? Tangazo si langu?"

Ida akaanza kueleza habari za zamu na vipimo, na Raimundi akazidi kupanda. Hasna akamgusa Ida mkono anyamaze. Akachukua simu, akampigia Subira, akaiweka ile sauti ya kusikika na wote.

"Haloo, dada Subira. Habari za ziwani?"

"Nzuri, dada. Leo dagaa wa usipa wamejaa, mchanga hauonekani. Ila nilitaka kukupigia mimi, nina neno na wewe."

"Nitalisikia. Kwanza nifungulie tovuti hapo ulipo. Uniambie unaona tangazo gani."

Wakangoja. Simu ikaleta sauti za kuku, na za mtu anayemwita mwenzake aongeze chanja za kuanikia usipa. Raimundi alisimama mkono kiunoni.

"Imefunguka," Subira akasema. "Ndilo hilo neno lenyewe. Naona mashine. Mashine ya kijani ya kumenyea kahawa, na mwanamume mfupi kasimama kando yake kama anapigwa picha ya harusi. Tangu asubuhi ni huyo huyo! Langu silioni kabisa. Nimelifungua mpaka kidole kinauma."

Raimundi alinyang'anya simu. "Ndiyo mimi huyo! Raimundi! Unaniona vizuri?"

"Nakuona, kaka. Mwambie Mama Safina ameniuza."

"Hajakuuza, dada! Wewe uko hapa kwangu! Chandarua, mbasa wa kuchoma, vyote nimeviona. Nimeviona mpaka njaa imeniuma. Mbasa wenu mnamchoma na ndimu au bila ndimu?"

"Kwa ndimu na pilipili. Kwani hiyo mashine inamenya kahawa ya mtu wa huku Mpoto, ziwani? Shemeji yangu ana shamba kule juu."

"Inamenya ya mtu yeyote! Mwambie aje."

Hapo walisahau kwamba simu ni ya Hasna. Walizungumza mpaka salio likaisha. Raimundi akarudisha simu, akabaki ameishika upande mmoja bila kuiachia, uso umelegea.

"Kwa hiyo mimi sipaswi kujiona."

"Wewe unajijua," Hasna akamwambia. "Tangazo liko nyumbani kwa watu, linakusalimia kwa niaba yako. Ukitaka kuhakikisha, mpigie mtu wa mbali umwulize, kama tulivyofanya."

"Basi nitakuwa nampigia Subira."

"Mkeo atakubali?" Ida akauliza, akaanza kucheka.

Raimundi alikwenda moja kwa moja mizani ya kahawa, kama alivyosema. Lakini huko alisimulia jinsi alivyoonekana Mbamba Bay bila kuteremka ile barabara ya makorongo. Kufikia mwisho wa juma fundi wa sare za shule alikuwa amekuja, na mwenye lori la kukodi, na mama mmoja muuza miche ya kahawa. Wakaanza kupigiana simu kuulizana nani kamwona nani, na wengine ambao hawakuwa wamesemezana tangu ugomvi wao wa mpaka wa shamba wakajikuta wanaagana vizuri. Mzee Mansuetus naye alirudi. Akaelezwa kwamba sasa kubonyeza ruksa. Akaagiza aonyeshwe tangazo la makoti, akaambiwa makoti yalikwenda na wenyewe, akasikitika kikweli.

Msimu ulipoisha, Abdulhamid alikuja kwenye chumba cha mbele baada ya sala ya alasiri. Alikaa kwenye benchi, akakohoa, akaitazama feni.

"Nimesikia mwenye lori kapata mzigo."

"Wa Ngaka," alisema Hasna. "Vifaa vya watu wa makaa ya mawe."

"Mm." Akakohoa tena. "Hivi mtu wa saruji anaweza kupata zamu?"

"Anaweza. Atalipa kama wengine."

"Hata mume?"

"Hasa mume, ndiye mwenye duka kubwa."

Abdulhamid akacheka, kicheko ambacho Hasna alikuwa hajakisikia tangu mvua zilipoanza kulowesha mifuko. "Basi niandikie vizuri. Na hiyo saruji nitaijengea banda uani, nilikuwa navivia tu." Akainuka. Mlangoni akageuka. "Asante kwa kutonikasirikia."

"Asante kwa jenereta, Baba Safina."

Siku hiyo Hasna alimwambia Ida kwamba limebaki moja. Wale watu wasiojuana sura, waliokuja kulima shamba la mtu wa Mbinga bila kualikwa, bado hawajapikiwa. Ida akasema hao hawahitaji chakula, wako mahali pao pa kuandikiana kwenye mtandao, na kinachowafurahisha ni kuambiwa kazi yao imemfaa nani na jinsi gani. Hasna akasema hilo analiweza. Akavuta kiti, akaeleza kwa Kiswahili, Ida akageuza kwa Kiingereza. Hakuruka kitu. Aliwaambia juu ya misiba na wanaochelewa. Aliwaambia juu ya katekista, na mtawa wa Roma, na kanga aliyofunikia kompyuta, na Raimundi aliyenyimwa kujiona, na kwamba sasa ukurasa wa wafu umetulia, haukanyagwi na tangazo lolote, na kwamba kwa hilo peke yake anawaombea Mungu kila sala. Ida alisema maelezo yamekuwa marefu mno. Hasna akasema wao nao walifanya kazi ndefu.

Kesho yake walipofungua walikuta majibu. Mengi yalikuwa mafupi, mtu na asante yake. Mmoja, ambaye jina lake hata Ida alishindwa kulitamka, aliandika kwamba ametengeneza kile kipande cha programu kinachozuia mtu mmoja asichoshwe na tangazo moja, miaka mingi iliyopita, na hakuwahi kumsikia mtu aliyegombana nacho. Amecheka mpaka ameamsha watoto. Halafu akauliza: Mbinga ni wapi?

Ida akaweka vidole tayari. "Nimwandikie tu ni kusini mwa Tanzania, mama?"

"Kusini gani hiyo, mtu ataipataje?" Hasna alitengeneza mtandio wake, akasogeza kikombe cha chai pembeni. "Mwanzie Songea. Mwambie ukitoka Songea barabara inapanda, inapanda, baridi inaanza, na ukiona vilima vyote vimechorwa vishimo vya ngolo, ujue umefika kwa watu. Umeandika? Sasa mwambie, asije mwezi wa saba bila koti."